Kanzidata Iliyopanda Boti

Nilihamishiwa upande wa ziwani nikitokea Tanga, kufundisha hisabati na kompyuta katika shule ya sekondari iliyokuwa na kompyuta saba, nne kati yake zikiwa zinawaka. Nilipanga chumba kwa muuguzi mmoja, mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, Mnyakyusa wa palepale, aliyekuwa akifanya kazi katika zahanati ya jirani tangu mimi sijaanza darasa la kwanza. Nilimwita Mama. Yeye aliniita Mwalimu, hata tulipokuwa tukimenya ndizi pamoja, isipokuwa siku nilipomuudhi. Siku hiyo niligeuka kuwa "mwanangu".

Asubuhi yangu ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Ugonile." Nikajibu, "Asante sana, Mama, karibu." Alicheka mpaka akaegemea nguzo. Kisha akanieleza kwamba alikuwa ananiuliza kama nimelala salama, na kwamba nikitaka kushukuru niseme ndaga, neno ambalo nililitumia wiki nzima kwa kila mtu na kwa kila kitu, hata pale nilipokanyagwa kwenye foleni ya mchele.

Mara moja kila mwezi Mama alikwenda na huduma ya mkoba. Ng'ambo ya ghuba, chini ya milima, kuna vijiji ambako gari halifiki. Mlima unashuka moja kwa moja majini na watu wamejenga pale penye nafasi. Alipanda boti na mizani, kisanduku cha baridi cha chanjo na rejesta kubwa, akawapima watoto uzito, akawachanja, akarudi jioni. Baada ya safari, alikaa barazani mchana wa siku mbili akifunua kurasa moja moja, akitafuta watoto ambao hawakuja. Chanjo ya surua ya pili ndiyo iliyomsumbua zaidi, ile ya mwaka mmoja na nusu, kwa sababu mtoto wa umri huo ni mzima, anakimbia, na mama yake haoni haja ya kupanga foleni.

Nilimwona siku moja amelaza rejesta tatu mapajani, vidole vitatu vimeshikilia kurasa tatu, na kalamu ameiuma mdomoni. Nikamwambia kazi hiyo inaweza kufanywa na programu ya simu kwa muda wa kupiga chafya, na kwamba naweza kumtengenezea. Akanitazama juu ya miwani. Aliuliza kama itakuwa tayari kabla hajastaafu, maana alikuwa amebakiza miaka miwili. Nikasema itakuwa tayari kabla ya mavuno ya mpunga.

Aliomba ruhusa kwa mganga mfawidhi wake, naye akakubali kwa masharti mawili: rejesta ibaki kuwa ndiyo rejesta, simu iwe msaidizi tu, na simu hiyo ifungwe kwa namba ya siri. Nikaanza kazi.

Programu yoyote inayotunza kumbukumbu huhitaji mahali pa kuzitunza, na mahali hapo panaitwa kanzidata. Nilikuwa nimejifunza hayo chuoni, ila sikuwahi kulazimika kuchagua mwenyewe. Nikampigia rafiki yangu tuliyesoma naye, anayefanya kazi Dar es Salaam kwenye kampuni ya kutengeneza programu za watu wakubwa. Alinishauri niweke kanzidata kwenye seva huko mtandaoni, na simu iwe inauliza na kujibiwa tu. Ndivyo wanavyofanya wote, alisema. Nikafanya hivyo. Barazani kwetu ilifanya kazi vizuri sana. Mama aliandika jina la mjukuu wake, akabonyeza, akaliona limetokea, akaniletea sahani ya wali na mbasa, samaki wa ziwani.

Tukaipandisha boti. Ilikuwa siku ya soko, na tulipishana na mitumbwi inayokwenda sokoni Lyulilo imejaa vyungu vilivyofungwa kwa majani, mpaka wapiga kasia walionekana vichwa tu. Kijijini kliniki ilifanyika kwenye baraza la kanisa. Mizani ikaning'inizwa kwenye boriti, mama wa kwanza akamvalisha mwanawe kile kisuruali cha kupimia, mtoto akalia kama ilivyo desturi, Mama akasoma uzito, nami nikaandika na kubonyeza "hifadhi".

Kiduara kikaanza kuzunguka kwenye kioo. Kikazunguka. Nikainua simu juu. Nikatoka nje nikasimama kwenye jiwe. Nikarudi. Kina mama walinifuata kwa macho kila nilipokwenda. Bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema jambo kwa Kikisi, lugha ya watu wa pale, na baraza lote likaangua kicheko. Nilimuuliza Mama amesema nini.

"Anauliza kama simu nayo inataka kuvalishwa kisuruali."

Mtandao ulikuwepo kijiji kile, nilielezwa baadaye, lakini mpaka upande mlima nusu saa, kwenye jiwe ambalo vijana walikwenda kupigia simu wachumba wao. Mama aliichukua simu mkononi mwangu taratibu, akaifunga, akaiweka juu ya kisanduku cha chanjo, akafungua rejesta.

Niliporudi nilikuwa nimeelewa jambo moja: kumbukumbu zile zilipaswa kuishi ndani ya simu yenyewe. Ila nilikuwa na haraka, mitihani ya muhula ilikuwa karibu, nikachukua njia ya mkato. Nikaifanya programu iandike kila kitu kwenye faili la maandishi ya kawaida, mtoto mmoja mstari mmoja, na kila ukihifadhi mtoto mpya, faili zima liandikwe upya kutoka juu mpaka chini. Nilijua ni uvivu. Nilijiambia kwamba watoto wenyewe hawafiki hata mia tano.

Safari ya pili ilikwenda vizuri mpaka saa saba mchana. Niliandika, nilihifadhi, kiduara hakikuzunguka, na yule bibi wa mlangoni alionekana kusikitika kidogo. Simu yenyewe ilikuwa ya Mama, ya bei nafuu, ya aina ile unayofungua mgongo na kutoa betri, na betri yake ilikuwa imezeeka. Nilipokuwa namhifadhi mtoto wa thelathini na nane, ikazimika.

Tuliichaji kwa sola ya nahodha wa boti. Ilipowaka nilifungua faili. Palikuwa na watoto kumi na wanne, na wa kumi na tano amekatika katikati ya jina la mama yake. Baada yake hapakuwa na kitu. Simu ilizimika wakati inaandika upya, na kwa kuwa ilishafuta ya zamani ili iandike mpya, kila ambacho haikukifikia kilipotea, na cha mwezi uliopita nilichokuwa nimekinakili kutoka rejesta kwa siku nne nacho kilikwenda.

Watoto wenyewe hawakupotea, rejesta ilikuwa nao. Lakini nilishindwa kumtazama Mama usoni. Aliniuliza nini kimetokea, nami nikamweleza kwa ukweli, pamoja na ile habari ya njia ya mkato. Alisikiliza mpaka mwisho huku akifuta mizani kwa kitambaa.

"Mwanangu," alisema, "mimi nikikatizwa nikiwa naandika, ya ukurasa wa nyuma hayafutiki."

Tukiwa kwenye boti ya kurudi, upepo wa mwera ulikuwa umeanza kuvuma kutoka kusini, mawimbi yanatupiga ubavuni, na nahodha akanipa dagaa wa usipa wa kukaanga kwenye karatasi akidhani nimenyamaza kwa sababu ya kuogopa maji. Nilikula wote.

Kesho yake, tulipotoka kazini, nilimwomba Mama akae nami. Nikamwambia kwamba mpaka hapo nilikuwa nimemuuliza anaandika nini, na sikuwahi kumuuliza anataka kujua nini. Nikageuza karatasi ya mtihani wa kidato cha pili nikaandika nyuma yake kila alichosema. Mtoto gani wa kijiji hiki hajarudi kwa surua ya pili? Nani uzito wake umeshuka miezi miwili mfululizo? Nani alihama, na alikwenda wapi? Mama huyu ana watoto wangapi chini ya miaka mitano, na wote wamekuja? Alizungumza kwa saa nzima. Sikuwa nimewahi kumsikia akizungumza hivyo kuhusu kazi yake. Swali moja aliliacha na kulirudia, la wale ambao uzito unashuka, na akanitajia mtoto mmoja wa miaka mingi nyuma ambaye walichelewa kumwona. Kisha akainuka kwenda kuangalia maharage jikoni.

Nikiwa na karatasi ile mkononi, uchaguzi ukawa tofauti kabisa. Nilitafuta kanzidata ya kupachikwa, yaani ile isiyohitaji seva wala mtandao wala kusimikwa peke yake. Ni kipande cha programu kinachoshonwa ndani ya programu yako, na kumbukumbu zote zinakaa katika simu ileile. Nilipata tatu za kufaa, nikazijaribu wiki mbili kwenye kompyuta ya shule, moja baada ya nyingine.

Ya kwanza ilikuwa na mbio za ajabu. Ilifanya kazi kama rafu yenye namba: unaipa namba ya kadi, inakupa mtoto. Lakini nilipoiuliza nani hakuja, haikuwa na namna ya kunijibu. Ilibidi nimtoe kila mtoto nje, nimkague mwenyewe, nimrudishe, na hiyo ilikuwa ni kazi ileile ya Mama na rejesta tatu mapajani, ila sasa imehamia kwangu.

Ya pili ilikuwa nzuri, ya kisasa, ina mambo mengi, na ilijua hata kuoanisha kumbukumbu za simu mbili. Tatizo lilikuwa uzito. Programu yangu ndogo ilivimba mara kadhaa, na simu ya Mama ilikuwa imebakiza nafasi ya kuhesabu, kwa sababu ilijaa video za kwaya na picha za wajukuu. Nilimuuliza kwa upole kama angeweza kupunguza kwaya kidogo. Jinsi alivyonitazama, kanzidata ya pili ikawa imekwisha.

Ya tatu ilikuwa ya zamani na haikuwa na madoido. Ilikuwa ndogo. Ilitunza kila kitu katika faili moja ambalo ningeweza kulinakili kama picha. Ilielewa majedwali, na maswali yote ya karatasi ile niliyaandika kwa mistari michache tu kila moja. Na jambo lililonifanya niinuke kwenye kiti ni namna ilivyoandika. Kabla haijagusa kumbukumbu za zamani, iliweka kando maelezo ya kutosha ya kile inachobadilisha. Ikikatizwa katikati, ikiwaka tena inarudi pale ilipokuwa kabla ya kuanza. Ama mabadiliko yote yameingia, ama hakuna lililoingia. Nilimfikiria Mama na ukurasa wake wa nyuma.

Nilimpigia rafiki yangu wa Dar es Salaam kumwambia nimechagua nini. Alisema hata yeye angechagua hiyohiyo tangu mwanzo kama ningemwambia kuna boti.

Mama hakukubali kwa maneno. Alitaka kuona. Jumapili baada ya ibada, bado amevaa kitenge cha kanisani, alikaa barazani akafungua mgongo wa simu, betri ikiwa wazi. Aliniambia niandike watoto wa uongo, na kila nikibonyeza "hifadhi" yeye atatoa betri muda anaotaka mwenyewe. Nikaandika, nikabonyeza, akachomoa. Tukawasha. Mtoto yupo, na wenzake wote wapo. Tukarudia. Mara nyingine alichomoa mapema, mara nyingine alijifanya anatazama kuku kisha akachomoa ghafla. Mara ya saba mtoto hakuwepo.

Akainua nyusi. Nikamwonyesha kwamba wengine wote wapo kamili, na kwamba huyu mmoja hakuandikwa hata herufi, na programu haikuwahi kusema kwamba imemwandika.

"Bora aniambie hajaandika," alisema, "kuliko aniandikie nusu mtu."

Baada ya hapo ikawa mchezo. Majirani wawili walisogea, mmoja akiwa bado na kapu la kakao kichwani, akaomba naye achomoe. Alichomoa mara tatu. Tulipofika mara ya ishirini kifuniko cha simu kikavunjika jino, na tangu siku hiyo simu ya huduma ya mkoba ilifungwa kwa mpira wa kufungia noti. Faili lilikuwa zima.

Sitasema kwamba hapo shida ziliisha. Muuguzi mwenzake alikuwa na simu yake, wote wawili wakaandika watoto siku moja katika vijiji viwili, na nilipounganisha mafaili nyumbani nikakuta kila simu imempa mtoto wake mmoja namba sitini na moja. Programu ikatuonyesha mtoto mmoja mwenye mama wawili. Hilo lilikuwa kosa langu, kanzidata haikuhusika. Nikaweka herufi ya simu mbele ya kila namba na yakaisha, lakini Mama aliendelea kuniulizia hali ya yule mtoto wa mama wawili kwa wiki nyingi, hasa tukiwa na wageni.

Safari yangu ya tatu niliomba ruhusa shuleni. Baraza la kanisa, mizani kwenye boriti, foleni ileile. Bibi wa mlangoni alikuwepo. Kazi ilipoisha, Mama hakufungua rejesta. Aliweka miwani, akabonyeza lile swali la surua ya pili, na papo hapo yakatokea majina manne. Aliyasoma kwa sauti. Kina mama waliobaki wakaanza kujibu wao kwa wao: huyu amekwenda na mama yake kwa shangazi Lyulilo, huyu yuko shambani lakini ni karibu, aitwe, huyu naye yuko papa hapa, nyumba ya tatu, alidhani ni kesho. Wa nne mama yake anachoma vyungu leo, hawezi kuacha moto.

Wawili walifika ndani ya nusu saa. Kwa ajili ya wa nne, Mama alibeba kisanduku chake begani akapanda njia ya mawe, mimi nyuma yake nikihema. Tulimkuta mwanamke wa umri wangu amezunguka rundo la vyungu vilivyofunikwa kwa majani makavu na kuni, uso umejaa majivu, anarekebisha moto kwa fito ndefu. Mtoto alikuwa mgongoni kwa bibi yake, pembeni penye upepo mzuri. Akachanjwa hapohapo kwenye mapaja ya bibi. Alilia, akapewa ndizi, akanyamaza.

Yule mama, bila kuacha fito yake, akataka kujua nani alimwambia muuguzi kwamba mwanawe bado. Mama akaninyooshea kidole mimi, nami nikaonyesha simu. Alijifuta mikono kwenye kanga, akasogea, akalitazama jina kwa muda mrefu.

"Mmemkosea," akasema. "Mnaandika kwa L. Ni kwa R."

Nikarekebisha mbele yake. Alinisimamia mpaka nilipobonyeza "hifadhi", akataka niifunge na kuifungua tena aone. Ikafunguka na R yake. Akanishukuru na kurudi kwenye moto.

Aliyekuwa Lyulilo tulimkuta tukirudi. Nahodha alikubali kupitia huko, Mama akauliza kwa wauza vyungu wawili tu, na wa pili akatuonyesha nyumba. Boti ilipokaribia kwetu Mama alikuwa amekaa kwenye ubao wa mbele, viatu amevua, anaimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya yake, sauti ya kwanza haipo.

Mchana wa siku mbili aliokuwa akiutumia kufunua kurasa ulibaki bila kazi. Mwezi wa kwanza aliutumia kulala. Mwezi uliofuata alirudi vijijini peke yake kwa boti ya abiria kuwaona watoto watatu ambao simu ilisema uzito wao unashuka, akakaa na mama zao mmoja mmoja. Wawili walikuwa sawa baada ya muda. Wa tatu alimpeleka hospitali mwenyewe akiwa amembeba, na mtoto huyo sasa anasoma chekechea.

Alistaafu kama alivyopangiwa. Walimfanyia sherehe ya wali, kuku na hotuba ndefu, akapewa kitenge cha rangi ya bluu ambayo haipendi. Muuguzi aliyekuja badala yake alitokea Singida, binti mpole ambaye hakuwahi kuona ziwa kubwa namna ile na aliogopa boti waziwazi. Mama alimpa kila kitu kwenye kisanduku: rejesta, mizani, na kadi ndogo ya kumbukumbu ya kuweka kwenye simu yake, yenye programu na nakala ya lile faili, pamoja na namba ya siri ya kulifungua, aliyomwambia sikioni.

Safari yake ya kwanza sikuweza kumsindikiza, nilikuwa nasahihisha mitihani ya majaribio. Nilikuwa katikati ya karatasi za kidato cha nne simu yangu ilipolia kwa ujumbe wa yule binti. Bila shaka alikuwa amepanda mpaka kwenye lile jiwe la wachumba ili aupate mtandao. Aliandika kwamba amefika salama, ametapika mara moja tu, watoto wote amewakuta ndani ya simu, na kuna bibi mmoja mlangoni anamwambia maneno ya Kikisi na watu wanacheka, je, anasema nini.

Nilimpelekea Mama ujumbe huo jikoni. Aliusoma mara mbili, akafuta mikono, akaketi kumjibu mwenyewe.